Maswali ya Wasomaji: Shajara yangu ya fasihi inanitia aibu

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi. Tangu muhula ulipoanza tumetakiwa kuandika shajara ya usomaji, yaani mara mbili kwa wiki kila mwanafunzi anaandika ukurasa mmoja kuhusu kazi inayosomwa darasani, akieleza alichokiona, kilichomtatiza na maswali aliyobaki nayo. Sasa nina kurasa 22 zinazohusu riwaya tatu, tamthilia mbili na diwani moja ya mashairi. Kazi ya mwisho ya muhula ni kuzisoma upya kurasa hizo zote na kuandika tafakuri ya maneno 1,500 juu ya usomaji wangu mwenyewe.

Nimekaa na kurasa hizo kwa siku tatu na nilichopata ni aibu. Katika ukurasa wa tatu nimemwita mama mmoja wa riwayani mkatili, bila kutoa hata sentensi moja ya kuthibitisha. Katika ukurasa wa sita nimetamka kwa kujiamini kwamba shairi lisilo na vina wala mizani ni insha iliyokatwakatwa. Baada ya ukurasa wa 10, mwalimu wetu aliponiandikia pembeni kwamba nipunguze hisia, nilianza kuandika kama mtu anayejaza fomu. Rasimu ya tafakuri yangu inaanza hivi: “Somo hili limenisaidia sana kukua kifikra na kupanua upeo wangu wa fasihi.” Rafiki yangu aliisoma akasema kuwa sentensi hiyo hata yeye angeweza kuiandika, na yeye anasoma hisabati.

Nina maswali matatu. Je, inaruhusiwa kuzirekebisha kurasa za zamani kabla ya kuziwasilisha? Je, nizifiche zile dhaifu nitaje zile nzuri tu? Na nifanye nini ikiwa, kusema kweli, sina hakika kwamba nimekua? Nimeambatisha nakala ya kurasa nane ili ujionee mwenyewe.

Mwanafunzi wa fasihi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma kurasa zako nane kwa kituo, na ule wa tatu nimeurudia. Kabla ya yote mshukuru huyo rafiki yako wa hisabati. Sentensi aliyoikataa haina kosa la sarufi, na huenda hata ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba haina mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuibandika mwanzoni mwa tafakuri ya mwanafunzi yeyote wa somo lolote na hakuna atakayeshtuka. Ungeikuta katika tamthilia, kinywani mwa mhusika, ungeandika pembeni kwamba huyu anasema kile anachotarajiwa kusema, kisha ungeanza kutafuta anachokificha. Muhula mzima umefundishwa kuyasoma maneno ya watu wengine kwa jicho kali namna hiyo, lakini ulipofika kwenye maneno yako umeviweka vyombo vyote chini ukaanza kujihukumu. Ushauri wangu wote ni mmoja: vichukue tena vyombo vile, uzisome kurasa 22 kama kazi ya mwandishi usiyemjua, ambaye kwa bahati umeachiwa daftari lake zima.

Twende ukurasa wa tatu nikuoneshe ninachokusudia. Umeandika: “Mwandishi anatuonesha mama mkatili aliyemwacha mtoto wake wa miaka saba bila hata kugeuka nyuma.” Wewe umekwama kwenye neno “mkatili”. Mimi nimekwama kwenye neno la kwanza kabisa. Ni nani anayetuonesha? Kwa maelezo yako mwenyewe, aya mbili juu ya hapo, riwaya hiyo inasimuliwa na mwana ambaye sasa ni mtu mzima, akiikumbuka siku mama yake alipoondoka. Anayedai kwamba mama hakugeuka nyuma ni mtoto aliyeachwa mlangoni, tena miaka mingi baadaye, na mtu wa namna hiyo ana sababu zake za kukumbuka anavyokumbuka. Mwandishi mwenyewe hajatoa hukumu yoyote. Wewe ndiye uliyemtwika.

Hapo nikachukua kalamu nikahesabu. Katika kurasa tano za mwanzo ulizonitumia neno “mwandishi” linatokea mara 14, na neno “msimulizi” halitokei hata mara moja. “Msimulizi” anaingia kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa 13, mkiwa kwenye riwaya ya pili, pale ulipoandika kwamba “msimulizi anauruka usiku wa msiba, nami ninataka kujua kwa nini”. Katika ukurasa wa 17 ametajwa mara sita. Jambo hili hukulieleza katika barua yako, na nadhani hukuliona, kwa kuwa ulikuwa unatafuta makosa na hili si kosa. Lakini sehemu kubwa ya tafakuri yako imelala hapo: mahali fulani kati ya ukurasa wa 10 na wa 13 uliacha kumwamini kila anayesimulia. Ni nini kilichotokea katika siku hizo? Je, ni mhadhara, ni ubishi na mwenzako, au ni ile riwaya ya pili yenyewe iliyokulazimisha, kwa sababu msimulizi wake anasahau mambo ambayo mtu hawezi kuyasahau? Mimi siwezi kukujibia, wewe unaweza.

Ukishapata jibu, rudi kwa yule mama ukiwa na jicho la ukurasa wa 17. Fungua sura anayoondoka na utazame ni maneno mangapi yanayotoka kinywani mwake mwenyewe. Ukikuta kwamba hasemi lolote, na kwamba kila tunachokijua kumhusu kimepitia kwa mwanawe, liandike hilo pamoja na namba ya ukurasa wa riwaya. Ukikuta kwamba anasema, na anayoyasema ni makali kweli, andika kwamba hukumu yako ya kwanza ilikuwa sahihi ila ilikosa shahidi. Kwa vyovyote vile utakuwa na aya ambayo hakuna mwenzako anayeweza kuiandika kwa niaba yako.

Sasa nije kwenye swali lako la kurekebisha. Usiziguse kurasa za zamani hata kidogo; hata nukta au herufi iliyokosewa iache ilivyo. Michel de Montaigne, Mfaransa aliyewaachia watu wa Ulaya jina wanaloitia insha, alichapisha vitabu vyake viwili vya kwanza mwaka 1580 akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 1588 alitoa toleo jipya lenye kitabu cha tatu na nyongeza mamia kwa mamia ndani ya vile viwili, kisha akaendelea kuandika pembezoni mwa nakala yake hadi alipofariki mwaka 1592. Alisema kwamba yeye huongeza, hasahihishi. Kusema kweli alisahihisha hapa na pale, maana waandishi hawajijui sana, lakini kwa jumla aliyaacha ya zamani yasimame na kuyawekea mapya ubavuni. Matoleo mengi ya siku hizi huweka herufi A, B na C ndani ya matini ili msomaji atambue lipi ni la 1580, lipi la 1588 na lipi la pembezoni, na raha kubwa ya kumsoma ni kumwona mtu wa miaka 55 akimkatiza yule wa miaka 47 katikati ya aya. Nawe fanya vivyo hivyo: chukua wino wa rangi nyingine, andika pembeni unachokiona leo, weka tarehe. Ukiurekebisha ukurasa wa tatu ukaondoa lile neno “mwandishi”, utakuwa umechoma ushahidi wa pekee ulio nao.

Swali la kuficha linajibika kwa urahisi baada ya hapo, ila nikuongezee kisa kimoja, kwa kuwa naona aibu imekushika kweli. Katika miaka ya 1920 I. A. Richards, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa akiwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akawaacha wayasome kwa wiki moja na kuandika maoni yao kwa uhuru, nao pia bila kutaja majina yao. Wengi walikuwa vijana waliosomea fasihi. Majibu yao yalijaa upotofu: wapo walioshindwa kufasiri maana ya kawaida ya sentensi, wapo waliolia machozi mahali pasipostahili, wapo waliolidharau shairi kwa kuwa liliwakumbusha jambo lao wenyewe. Richards hakuyatupa majibu hayo wala kuyafanyia mzaha tu. Aliyajengea kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1929, na kutokana nayo akaorodhesha vikwazo 10 vinavyomzuia msomaji kulifikia shairi. Kimojawapo ni mazoea ya kuihukumu kazi kwa kanuni za ufundi alizokuja nazo msomaji kabla hajaisoma.

Umeutambua ukurasa wako wa sita? Hata katika fasihi yetu haukuwa peke yake. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, washairi na wahakiki waliobobea walibishana kwa miaka mingi kama tungo zisizofuata vina na mizani zistahili kuitwa mashairi, na waliosema hazistahili hawakuwa wajinga. Kwa hiyo sikulaumu kwa msimamo wako. Kinachonishughulisha ni silabi moja ndogo. Umeandika: “Kama tunavyojua, shairi ni vina na mizani, hili ni insha iliyokatwakatwa.” Hao “tu-” ni akina nani? Hakuna anayezaliwa akiamini mizani. Kuna mtu alikufundisha, kuna kitabu ulikariri, na siku ile uliposema “tunavyojua” ulikuwa unazungumza kwa sauti yao. Kisha soma ukurasa wa 21, ulioandika kuhusu shairi jingine lisilo na vina: “Mstari umekatika kwenye neno ‘lakini’, nami nikashusha pumzi pale, nikaogopa kuteremka kwenye mstari unaofuata.” Katika ukurasa wa sita kukatwakatwa kulikuwa tusi. Katika ukurasa wa 21 umesimama mahali hasa palipokatwa na kusikia kitu. Na “tunavyojua” imegeuka kuwa “nikaogopa”. Ukiuficha ukurasa wa sita, huo wa 21 utabaki kuwa sifa tupu kwa mshairi. Ukiziweka kurasa hizo mbili pamoja, msomaji wako ataona tukio.

La tatu ndilo gumu, na nimefurahi kwamba umeuliza waziwazi. Hakuna anayeweza kukulazimisha ukue. Neno “safari” ambalo walimu wengi hulipenda katika maelezo ya kazi hizi lina hila yake: humfanya mwanafunzi aamini kwamba lazima aanzie bondeni na amalizie mlimani, na asipoona mlima anaubuni. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu kufikiri, alieleza kuwa tafakuri huanzia pale mtu anapofika njia panda, yaani anaposhindwa kuendelea kwa mazoea na kulazimika kusimama. Hilo naliona lina manufaa zaidi kwako. Usitafute ulikopanda; tafuta uliposimama. Katika kurasa nane nimeziona njia panda tatu: swali la usiku wa msiba, lile neno “lakini”, na ya tatu ni maandishi ya mwalimu wako pembeni mwa ukurasa wa 10.

Juu ya hayo ya mwisho, nadhani kuna kitu umekipoteza, na unayo ruhusa ya kukisema. Katika ukurasa wa kwanza, uliouandika bila uzoefu wowote, umetumia mistari mitano kueleza jinsi yule mama alivyofunga mlango polepole, na kwamba uliisoma sentensi hiyo mara tatu kwa sababu mtu anayekimbia hafungi mlango polepole. Ni jicho zuri hilo. Kwa maoni yangu ndiyo mistari mitano bora kuliko yote niliyoiona. Laiti ungeikumbuka ulipofika ukurasa wa tatu! Lakini baada ya agizo la kupunguza hisia, ukurasa wa 13 unaanza na aya mbili kavu zinazopanga dhamira, maudhui na wahusika kama bidhaa dukani, mpaka lile swali la msiba linapochomoza kana kwamba limekuponyoka. Kwa heshima zote kwa mwalimu wenu, ambaye bila shaka alikuwa anapambana na lile neno “mkatili”, mimi ningeandika pembeni maneno mengine: itafutie hisia hii neno lililoisababisha. Wewe ulisikia agizo la kunyamaza, ukanyamaza. Ukimweleza hivyo kwa adabu, ukimwekea ukurasa wa kwanza na wa 13 mbele yake, sidhani kama kuna mwalimu wa fasihi atakayekukasirikia, na kama yupo, ana jambo la kujifunza kuhusu anayoyaandika pembezoni.

Kuhusu mpangilio, maneno 1,500 hayatoshi kurasa 22, kwa hiyo usizipitie moja baada ya nyingine. Chagua nne au tano. Ningekuwa wewe ningeanza katikati, na ile sentensi ya ukurasa wa 13, kisha nirudi nyuma kwa yule mama.

SWALI

Mwalimu, tangu sekondari tumekatazwa kuandika “mimi” katika uhakiki, na alama zilikatwa. Sasa tunaambiwa tafakuri ni lazima iwe na “mimi”. Nikijaribu, kila sentensi inaanza na “mimi naona” na inasomeka kama ubishi wa barazani. Nishike lipi?

JIBU

Kiswahili kimekwisha kukutatulia nusu ya tatizo, kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi. “Nilisoma” inatosha, “mimi” ya ziada ni ya kusisitiza, na mwenye kusisitiza kila sentensi hasisitizi chochote. Lifute neno hilo kila unapolikuta na utaona sentensi nyingi hazikudhurika.

Nusu ya pili ni vitenzi vyenyewe. Ile “ni-” yako imeshikamana na nini? Katika tafakuri nyingi ninazoletewa imeshikamana na nilifurahia, nilivutiwa, niliguswa, yaani vitenzi ambavyo msomaji hawezi kuvihakiki, anaamini tu au haamini. Jaribu kuishikamanisha na vitenzi vya kazi: nilirudia, nilidhani, nililinganisha, niliruka, nilikosea, nilimwuliza mwenzangu. Ukiandika “niliziruka kurasa za maelezo ya bahari nikakimbilia mazungumzo”, nimekwisha kupata picha ya msomaji wa aina gani ninayezungumza naye, tena bila kujisifu wala kujilaumu. Upande wa pili, jihadhari na kichaka cha “imebainika kwamba” na “inaonekana kuwa”, ambamo wanafunzi waliokatazwa “mimi” hupenda kujificha. Katika uhakiki wa kawaida msemo huo unavumilika. Katika tafakuri ndiyo unaoharibu kazi, kwa sababu aliyebaini ndiye mada yenyewe.

SWALI

Nina swali fupi na nitaomba usinitaje jina. Kurasa 15 kati ya 22 za shajara yangu niliziandika usiku mmoja, wa kuamkia siku ya kukusanya. Nitatafakari nini?

JIBU

Kwanza usijifanye kwamba ziliandikwa kwa wiki kadhaa, maana utalazimika kubuni mabadiliko ambayo hayakutokea, na uongo wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kusoma. Zichukue kurasa 15 kama andiko moja refu la mtu aliyechoka. Tazama ni maneno gani uliyarudia ulipoishiwa, ni mhusika yupi uliyekuwa unamkimbilia kila ulipokosa la kusema, na ni kazi gani uliyoiandikia mistari mitatu tu kwa kuwa hukuisoma.

Haraka nayo ina mavuno yake. Mwaka 1919 Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, aliisoma upya shajara yake mwenyewe na kukerwa na mwendo wake wa ovyo, ila akakiri kwamba kwa kutosita alikuwa amezoa bila kukusudia mambo ambayo angeyaacha kama angetulia kuyafikiria, na hayo aliyafananisha na almasi katika lundo la taka. Sikuahidi almasi. Lakini anzia kurasa tano za mwisho, ulizoziandika alfajiri, wakati maneno ya kuazima yalikuwa yamekuishia, uone kama mna sentensi yoyote ambayo hukumbuki kuwa uliiandika.

Na lile la usiku mmoja liseme mapema, katika aya ya kwanza. Mwalimu wako amekwisha kuliona katika mwandiko.